Vidonge vya methilesheni: je, niache dawa ya presha?

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mama wa miaka 58. Nina presha kwa miaka tisa na kisukari kwa miaka sita, na natumia amlodipini na metfomini. Jirani yangu anayeuza virutubisho ameniletea vidonge ambavyo, kwa maelezo yake, husaidia methilesheni, hushusha homosisteini na kuulinda moyo, na amesema baada ya miezi mitatu nitaachana na dawa za hospitali. Chupa ya mwezi mmoja ni shilingi 95,000. Lebo inasema foliki asidi mikrogramu 800, vitamini B12 mikrogramu 1,000 na vitamini B6 miligramu 50. Nivitumie? – Mama M., Muheza

JIBU: Mama yangu, nianze na lililo la hatari: usiache amlodipini wala metfomini kwa ajili ya vidonge hivi. Hakuna vitamini inayofanya kazi ya dawa ya presha, na presha isiyotibiwa hupanda kimya kimya, mara nyingi bila dalili yoyote, mpaka siku mtu anapoanguka kwa kiharusi.

Methilesheni yenyewe si uzushi. Ni kazi inayofanyika ndani ya chembe hai za mwili wakati wote, ambapo kikundi kidogo cha kaboni moja na hidrojeni tatu huhamishwa kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Kazi hiyo huzalisha homosisteini, aina ya asidi amino, ambayo mwili huigeuza upya kwa msaada wa foleti (vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake ya kutengenezwa kiwandani) na B12, au huiondoa kwa njia nyingine inayohitaji B6. Vitamini hizo zikipungua, homosisteini hujaa katika damu. Mwaka 1969 daktari Mmarekani, Kilmer McCully, alieleza jinsi mishipa ya watoto wawili waliokufa wakiwa na homosisteini nyingi mno ilivyokuwa imeharibika kama ya wazee, na ndipo wazo la kuilinda mishipa kwa vitamini lilipopata nguvu.

Jirani yako hakukueleza kilichofuata. Katika utafiti uitwao HOPE-2, uliotoa matokeo mwaka 2006, watu zaidi ya 5,500 wenye maradhi ya mishipa au kisukari waligawanywa: baadhi walipewa vidonge visivyo na dawa, na wengine, kwa takriban miaka mitano, walipewa B6 na B12 kwa dozi zile zile za chupa yako pamoja na foliki asidi nyingi zaidi. Homosisteini ilishuka, lakini mshtuko wa moyo na vifo vya moyo havikupungua. Kiharusi ndicho kilichopungua kiasi. Huko China, katika utafiti wa watu 20,702 wenye presha uliochapishwa mwaka 2015, waliomeza enalaprili pamoja na foliki asidi mikrogramu 800 walipata kiharusi kwa asilimia 2.7, na waliomeza enalaprili peke yake kwa asilimia 3.4. Angalia vizuri, mama: wote walikuwa wakimeza dawa ya presha, na waliishi mahali ambapo unga haukuwa ukiongezwa foliki asidi, kwa hiyo huenda foleti yao ilikuwa pungufu tangu mwanzo.

Linalonipa wasiwasi zaidi kwako ni metfomini, kwa kuwa ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa B12. Kama unahisi ganzi, au nyayo zinawaka moto usiku, usidhani ni kisukari tu. Kliniki ijayo omba upimwe B12. Ikionekana ni pungufu, utapewa B12. Usitangulie kumeza foliki asidi kwa wingi, kwani inaweza kuuficha upungufu huo kwenye kipimo cha wingi wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia. B6 nayo ya miligramu 50 ni zaidi ya mara 30 ya mahitaji yako ya siku, na dozi kubwa zikiendelea kwa muda mrefu zenyewe huleta ganzi.

Foleti ipate kwenye mchicha, kunde na maharage, na B12 kwenye dagaa, mayai na maziwa. Mchicha usiuchemshe ukamwaga maji, maana foleti huondoka nayo. Ukatie kwenye sufuria yenye maji kidogo, uufunike, uuepue ungali wa kijani. Shilingi 95,000 hizo, kwa maoni yangu, ni afadhali zinunue mashine ya kupimia presha nyumbani.

SWALI: Nimepimwa nikaambiwa nina badiliko la jeni ya MTHFR, ile inayosaidia mwili kuitumia foleti. Je, ni lazima ninunue metilifoleti, yaani foleti iliyokwisha kugeuzwa tayari kwa matumizi ya mwili, ya bei ghali? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Hapana. Badiliko hilo ni la kawaida, na mwenye nalo bado anaweza kuitumia foliki asidi ya kawaida. Kama homosisteini yako haijapanda, matokeo hayo ya jeni hayabadilishi matibabu yako. Pima presha, sukari na kolesteroli, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyomwongoza daktari wako.