Mume wako hajakutupa: wewe umemficha mtoto

*Shangazi, bwana wangu yuko Edmonton, Kanada. Tulifunga ndoa komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi, na mahari yote alitoa. Alianza dosie ya kunidhamini mimi na binti yetu wa miaka 2 tupate makazi ya kudumu. Sasa amesimamisha kila kitu, anasema nimemdanganya. Ni mama yake anayemtia maneno juu ya mtoto wa dada yangu ninayemlea, kijana wa miaka 13. Tangu nimzae nateseka naye peke yangu. Nifanye nini?*

Pole, mwanangu. Kungojea makaratasi kunachosha roho.

Lakini barua yako nimeirudia mara mbili. Juu umeandika "mtoto wa dada yangu", chini kalamu ikakuponyoka: "tangu nimzae". Basi mama mkwe hakumtia mtu maneno. Aliangalia sura ya kijana, akajua. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Wewe umezaa, ukaendelea kuficha.

Nasimama na mume wako. Najua ulivyopanga: utangulie, kijana umvute baadaye. Haiendi hivyo. Fomu IMM 5406, ile ya uhamiaji wa Kanada ya kuorodhesha familia, inataka watoto wako wote, wanaosafiri na wanaobaki. Mtoto ambaye hukumtaja, wala hakupimwa na daktari, kanuni ya uhamiaji ya Kanada, 117(9)(d), inamtoa katika familia unayoweza kudhamini kesho. Mwaka 2019 ilianzishwa ahueni ya muda kwa baadhi ya watu. Usijenge maisha ya mtoto juu ya kitu cha muda. Na uongo ukigunduliwa, mlango unafungwa miaka 5. Hata ukiwa umeshafika, makazi yanaweza kuondolewa.

Mume wako naye anasaini. Kwa mke anaahidi serikali kukutunza miaka 3. Kwa kijana wa umri huo, nje ya Quebec, ni miaka 10. Mkiachana, ahadi inabaki shingoni mwake. Mtu wa kubeba mzigo huo aliambiwa kijana ni mpwa wako!

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Watu wanajuana kwa simu, kila mmoja anaonyesha upande uliopakwa mafuta, halafu afisa wa uhamiaji ndiye anayewafunulia yale ambayo wangeambiana jioni moja kabla ya mahari.

Sasa kazi. Kama uamuzi haujatoka, dosie inaweza kusahihishwa: mume aandike kwamba kuna mtoto mwingine, nawe ueleze kwa barua fupi kwa nini hakutajwa. Usitafute sababu nzuri, andika ya kweli. Angalia cheti cha kuzaliwa cha kijana na bulletin za shule. Kama mstari wa mama una jina la dada yako, usimlipe mtu akutengenezee cheti kipya. Nenda tribunal pour enfants, yaani mahakama ya watoto, ueleze, ufuate hukumu ya kurekebisha. Huko uhamiaji wakiwa na shaka wanaweza kuomba kipimo cha DNA, na hicho hakidanganyiki.

Kijana akisafiri nanyi, baba yake mzazi lazima asaini fomu IMM 5604, ya kukubali mtoto ahamie Kanada bila yeye, na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Hapa ndipo dosie nyingi zinalala, maana baba hajulikani alipo au anataka hela. Asipopatikana, tafuta hukumu ya malezi mahakamani. Kwa bei iliyoanza Aprili 2024, mtoto alilipiwa dola 175 za Kanada. Akitimiza 14 kabla hamjamwongeza, zinakuja alama za vidole, dola 85. Hata akibaki Lubumbashi, apimwe na daktari aliyeidhinishwa na Kanada. Usiruke hilo.

Mume mpigie Jumapili saa mbili usiku, kule ni mchana. Usianze na dosie, anza na msamaha. Mama mkwe umfuate kwake kwa miguu yako.

Lakini kabla ya hao wote, kaa na kijana. Miaka 13 anakuita mama mdogo. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa.