Kompoziti zangu zinatoka, nilipie kozi ya krauni?

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni tabibu wa meno, nina diploma, niko Masasi. Kompoziti (ile dawa ya rangi ya jino inayogandishwa kwa taa) ninazoziba meno ya nyuma zinatoka baada ya miezi mitatu minne, mgonjwa anarudi nayo kaifunga kwenye karatasi. Sasa nimeona kozi ya siku tatu ya krauni (kofia ya jino) na briji (jino bandia linaloshikiliwa na meno jirani) huko Dar, nilipie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usilipie kwanza. Krauni mara nyingi inakaa juu ya jino ulilolijenga kwa kompoziti hiyohiyo, sasa msingi ukitoka na krauni inatoka nao, na hapo mtu keshauza korosho zake kukulipa.

Hiyo aliyorudi nayo kwenye karatasi usiitupe, igeuze uitazame upande wa chini. Ikiwa imetoka nzima na tumbo lake nyororo, bondi (gundi ya kuishikisha kwenye jino) haikushika. Ikiwa imevunjika vipande, ama ilikuwa nyembamba, ama jino la juu linaigonga, ama mwanga wa taa haukufika chini.

Mi nahisi yako ni bondi, maana hizo ndo nyingi. Asidi ile ya asilimia 37 unayopaka kabla ya bondi, kwenye dentini (sehemu ya jino iliyo chini ya gamba la nje) mwisho sekunde 15, ukishasuuza usipulize upepo mpaka jino likauke kau, dentini inataka unyevunyevu kidogo, na mate yakigusa hapo katikati usijidanganye kwa kufuta na pamba, rudia asidi. Halafu kile kichupa cha bondi, na joto letu hili la kusini, ukikiacha wazi mezani dawa yake inaruka inabaki uji tu, kifunge palepale ukishadondosha. Na kama jino lilikuwa limezibwa kwa muda na dawa yenye yujeno (ile inayonukia karafuu) kwangua yote, inazuia kompoziti kuwa ngumu.

Taa ipime leo. Weka kompoziti unene wa milimita 2, washa sekunde 20, geuza ukwaruze chini, ikiwa bado laini unajua mchawi ni nani. Angalia pia ncha ya taa, mara nyingi imegandiwa na kompoziti ya mwaka juzi.

Pale ufizi unapovuja damu hupakaushi hata ufanyeje, tumia glasi ayonoma (dawa nyingine ya kuziba, inayovumilia unyevu zaidi). Na usione ni ya kimaskini, ile njia inayoitumia, ya kuchokoa kwa vifaa vya mkono na kuziba bila umeme ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980.

Kuhusu kozi, waulize swali moja tu, nitashika mashine nikate meno mangapi? Wakianza habari za slaidi na cheti, hela yako ibaki mfukoni. Meno unayong'oa ukishayaua vijidudu yatunze kwenye maji, ziba, yapasue katikati uone palipoachia. Krauni kaangalie kwanza leseni yako inaruhusu nini, na kama moyo uko huko kweli basi ni DDS (shahada ya udaktari wa meno) pale Muhimbili miaka mitano, halafu kuna ya ubingwa wa kurejesha meno, mitatu mingine.

Ukipima taa niandikie imekuwaje.