Punda kibete mmoja au wawili?

Dada, umeuliza kama punda kibete mmoja atatosha shamba lako la minazi huko Matondoni, acheze na watoto na abebe nazi. Mmoja hapana, chukua wawili. Punda peke yake hunyong'onyea, analia usiku kucha, na majirani watakuja kukubishia hodi.

Halafu hakikisha unachouziwa. Kibete wa kweli ni ile mbegu ya Sicily na Sardinia, visiwa vya Italia, begani hazidi sentimita 91. Punda wetu wa Lamu ni wadogo pia, lakini si hao, na mtu akikuuzia kitoto cha miezi sita akakuapia ndiyo kimo chake, mwache aende zake. Kwa nazi na mawe, afadhali huyu wetu wa kawaida. Kibete mgongo wake si wa mizigo.

Chakula ndipo wengi wanapokosea. Mpe majani makavu na mabua, pumba kidogo sana. Ukiona shingo imejaa mafuta hadi inalalia upande, umemlisha kupita kiasi. Mifuko ya plastiki iokote yote shambani, kwani akiimeza inafunga utumbo, na hilo Lamu tumeliona sana.

Kwato zikatwe kila wiki sita hadi kumi. Akiugua, kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iko Lamu mjini tangu 1987, matibabu bure. Na ukichukua dume na jike, jua mimba ni mwaka mzima hivi.