Maswali ya wasomaji: Dohani moja, maabara mbili, namba mbili

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nasimamia boila la kuni katika kiwanda kimoja Morogoro. Maabara ya kwanza ilipima moshi wetu ikapata vumbi miligramu 80 kwa mita ya ujazo. Miezi mitatu baadaye nyingine ikapata 195. Boila ni lile lile, kuni ni zile zile. Wakubwa wanasema hawa wa pili wametuonea. Nani kasema kweli? Naambatisha ripoti zote mbili.
*Msimamizi wa boila, Morogoro*

JIBU: Ndugu msimamizi, wote wawili huenda wamesema kweli. Tazama safu ya oksijeni. Ripoti ya kwanza imeandika 80 moshi ukiwa na oksijeni asilimia 15, ikaishia hapo. Ya pili imeandika 195 “kwa oksijeni asilimia 6”. Moshi uliochanganyika na hewa nyingi ni kama uji ulioongezwa maji: unga haujapungua, umetawanyika tu. Kwa sababu hiyo matokeo hurudishwa kwenye kiwango kimoja cha oksijeni kabla ya kulinganishwa na kikomo. Kwa boila za kuni na makaa ya mawe hutumika sana asilimia 6, na kwa zinazochoma gesi au mafuta asilimia 3.

Fanya hesabu mwenyewe. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Toa 6 upate 14.9, kisha toa 15 kwenye 20.9 upate 5.9. Gawanya 14.9 kwa 5.9, unapata 2.53. Zidisha kwa 80: ni 202. Maabara zenu hazikupishana hata kidogo kiasi cha kugombana. Linalotusumbua sisi ni hiyo asilimia 15. Ni nyingi mno kwa boila lenye mzigo. Kagueni mlango wa kulishia kuni, nyufa za matofali, na viungo vya bomba kati ya boila na feni, maana feni hunyonya hewa kupitia kila upenyo. Hewa hiyo inakula kuni zenu bure.

Baada ya oksijeni, soma asilimia ya isokinetiki, yaani jinsi mwendo wa kunyonya sampuli ulivyolingana na mwendo wa moshi. Hapa ndipo vipimo vingi vya vumbi huharibika. Mpimaji huingiza ndani ya dohani bomba lenye nozeli, mdomo mwembamba unaotazama moshi unakotoka. Mwendo wa kunyonya pale mdomoni lazima ulingane na mwendo wa moshi wenyewe. Akinyonya polepole, gesi humkwepa na kupita pembeni, lakini chembe nzito hazikati kona; zinaendelea moja kwa moja na kuingia. Matokeo yanakuwa makubwa kuliko ukweli. Akinyonya kwa kasi mno, anavuta gesi ya pembeni huku chembe zake nzito zikimpita, na kiwanda kinaonekana kisafi. Njia ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, iitwayo Method 5, ambayo maabara nyingi duniani huifuata, hukubali asilimia 90 hadi 110 tu. Ripoti isiyo na namba hiyo irudisheni.

Ili kuufuata mwendo huo, bomba la Pitot, kifaa cha kupimia mwendo wa gesi, hufungwa ubavuni mwa nozeli, na mpimaji hurekebisha pampu kila anapohamia nukta mpya ya kupimia ndani ya dohani. Moshi hupita kwenye kichujio cha nyuzi za kioo ndani ya kisanduku kinachopashwa joto la nyuzi 120 za Selsiasi, kupungua au kuzidi kwa 14. Kisanduku kikipoa, mvuke hugeuka maji, kichujio kinalowa na kuchanika. Kisha moshi unaingia chupa nne zilizozikwa kwenye barafu: mbili za kwanza zina mililita 100 za maji kila moja, ya tatu ni tupu, ya nne ina silika jeli, punje zinazofyonza unyevu, gramu 200 hadi 300. Chupa hupimwa uzito au ujazo kabla na baada, na ongezeko ndilo unyevu wa moshi. Unyevu ukikosewa, hesabu ya isokinetiki nayo imekosewa.

Simameni karibu wakati wa kupima uvujaji mwishoni mwa kila mzunguko wa kipimo. Kinachoruhusiwa hakizidi lita 0.57 kwa dakika. Kukiwa na upenyo, mita inahesabu hewa ya nje kana kwamba ni moshi, na vumbi linaonekana dogo. Hakikisheni pia nozeli na bomba vimesuguliwa kwa brashi na kusuuzwa kwa asetoni, na masazo yake yakapimwa. Vumbi jingi hubaki humo. Anayepima kichujio peke yake ameacha sehemu ya mzigo njiani.

Mizunguko huwa mitatu, kwa kawaida si chini ya saa moja kila mmoja, na wastani wake ndio unaolinganishwa na kikomo. Boila lichome kama siku zote. Andikeni kila robo saa kiasi cha mvuke na kuni zilizoingia, vinginevyo hakuna anayeweza kujua namba ile ilitokana na mzigo gani.

SWALI: Tunajenga dohani ya chuma yenye kipenyo cha mita 1. Matundu ya kupimia tuyaweke wapi?
*Fundi mchomeleaji, Tanga*

JIBU: Vizuri umeuliza kabla ya kuchomelea. Yawe mita 8 juu ya kona au kiungio cha mwisho, na mita 2 chini ya mdomo wa dohani, yaani vipenyo 8 na 2. Weka mawili, yaliyopishana nyuzi 90, ya inchi 4, yenye vifuniko vinavyofunguka. Hapo nukta 12 zinatosha, sita kwa kila mstari. Kutoka ukuta wa ndani ni sentimita 4.4, 14.6, 29.6, 70.4, 85.4 na 95.6. Urefu wa shingo ya tundu uongezwe kwenye kila kipimo, kosa linalojirudia sana. Ukikosa nafasi nukta huongezeka hadi 24, lakini chini ya vipenyo 2 baada ya kona, au nusu kipenyo kabla ya mdomo, usipaweke.

Kama moshi unaingia dohani kwa ubavu au unatoka kwenye saikloni (chombo kinachotenga vumbi kwa kuuzungusha moshi), huenda unazunguka kama maji ya karai. Pembe ya wastani ikizidi nyuzi 20, kipimo hakikubaliki hadi uweke mabati ya kunyoosha mkondo. Na jukwaa liwe na reli imara: watu watakaa juu kutwa nzima na vifaa vizito.

SWALI: Kiwanda jirani hutoa moshi mweupe. Wanatuambia ni mvuke tu. Nitajuaje?
*Mama wa watoto wawili, Athi River*

JIBU: Mama, simama jua likiwa mgongoni kwako ufuate moshi kwa macho. Mvuke hupotea hewani baada ya umbali fulani. Mkia wa kijivu, wa buluu au mweupe ukibaki pale mvuke ulipokwisha, hizo ni chembe. Wapimaji waliothibitishwa kwa Method 9 ya EPA husoma hapo hapo kila sekunde 15 kwa dakika 6, masomo 24, na hujaribiwa upya kila miezi 6. Lakini kaboni monoksaidi na dioksidi ya salfa hazionekani kwa macho, kwa hiyo kutoona mkia hakutoshi kukuhakikishia usalama. Andika tarehe, saa na upepo unakovuma, piga picha kwa siku kadhaa, upeleke NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na uombe wakague ripoti ya kipimo cha dohani hiyo.