Orioles 2025: Santander tutamzoea, pengo ni la Burnes

Mkuu swali lako nimeliona toka juzi, nikawa nasubiri nipate off nijibu vizuri. Naandika msimu wa 2025 haujaanza, kwa hiyo nikisema mwaka jana ni 2024. Umesema umehamia Maryland mwaka jana, timu ya baseball ya Baltimore, Orioles, imeshakuingia damuni, na saivi huelewi kinachoendelea: Santander mpigaji kaenda Toronto, Burnes pitcha (mrusha mpira) kaenda Arizona, wanaokuja ni wazee, je msimu ukianza mwezi wa tatu tuwe na matumaini au ndo basi tena. Naona wadau wengi hapo juu wanamlilia Santander. Mi naona mnalia msiba wa jirani wakati wenu uko ndani.

Tummalize Santander kwanza. Homrani 44 kwa msimu mmoja si mchezo, sikatai, na kwenye ngazi za juu pale uwanjani kwetu Camden Yards nimeshamrukia mzungu nisiyemjua kwa ajili yake. Lakini wastani wake wa kupiga ulikuwa .235, yani ukiacha hizo siku anazopiga mpira mpaka jukwaani, siku nyingi anarudi benchi mikono mitupu, ana miaka 30, na Toronto wamempa miaka 5 kwa dola milioni 92.5. Wapeni tu. Wanayanga wenzangu kumbukeni 2023 Mayele alivyoenda Pyramids, tulikaa kama tumefiwa, afu msimu uliofuata Aziz Ki akafunga 21 na ubingwa ukabaki Jangwani palepale. Mabao yanagawanyika, homrani nazo zinagawanyika. Gunnar Henderson peke yake mwaka jana kapiga 37 na bado ni kijana wa miaka 23.

Badala ya Santander wamemleta Tyler O'Neill kutoka Boston, miaka 3 milioni 49.5, na kuna kipengele kwamba baada ya msimu huu akitaka anaondoka. Huyu alipiga homrani 31 Boston, anapiga mkono wa kulia, na hapo ndo kuna akili kidogo, maana ule ukuta wa upande wa kushoto pale Camden Yards waliousogeza nyuma 2022, ambao umewanyima wapigaji wa kulia homrani kibao, mwaka huu wanaurudisha mbele. Shida ya O'Neill ni mwili, jamaa haumalizi msimu bila kukaa nje. Akicheza mechi 130 tumefaidi, akicheza 80 tutaanza kumtafuta Santander kwenye YouTube.

Haya, Burnes sasa. Hapa ndo sielewani na watu.

Mi nimefika Baltimore 2018, mwaka ambao timu ilipoteza mechi 115. Tiketi zilikuwa bei ya chipsi na uwanja umejaa viti tu. Jamaa mmoja Mdominika tuliyekuwa tunapakia naye mizigo usiku ndo alinifundisha huu mchezo, na kitu cha kwanza alichoniambia ni usiangalie anayepiga, angalia anayerusha. Nilichukua miaka kumuelewa. Pitcha wa kuanza anarusha mara moja kila siku 5 hivi, ndo maana timu inabeba watano, na kwenye msimu wa mechi 162 ukiwa na watano wa kawaida wasioumia utashinda zako mechi nyingi tu. Ila mtoano ni kitu kingine, mnaweza kucheza mechi 2 au 3 tu na mtu mnarudi nyumbani, hapo watano hawana kazi, unahitaji mmoja ambaye akipanda pale katikati wapinzani wanajua leo hatuli.

Burnes ndo alikuwa huyo. Tulimchukua Milwaukee Februari mwaka jana, akarusha iningi 194 (mechi moja ina tisa), ERA 2.92, yani kwa kila iningi tisa karuhusu pointi zisizofika tatu. Oktoba 1 nilibadilishana zamu na mtu, na hiyo zamu nililipa baadaye kwa kufanya Jumapili mbili mfululizo, nikaenda uwanjani kumuona dhidi ya Kansas City. Iningi 8, pointi moja tu. Tukafungwa 1-0. Nimekaa kwenye kiti mpaka watu wa usafi wanapita. Kesho yake tukafungwa tena 2-1, msimu kwisha, na ukihesabu kuanzia 2014 tumepoteza mechi 10 za mtoano mfululizo, na hao hao Kansas City ndo waliotufungulia hiyo hesabu.

Najua utaniuliza, sasa kama alikuwepo na bado tukatolewa, si inamaanisha tatizo ni kupiga? Ni kweli nusu. Mechi mbili pointi moja, ile homrani ya Mullins basi, hiyo ni aibu ya wapigaji na hakuna pitcha anayeweza kuifuta. Lakini wapigaji wetu wengi ndo hao hao bado wapo, na ni vijana. Adley Rutschman nusu ya pili ya mwaka jana alipotea kabisa na siamini kama yule ndo Adley halisi. Jackson Holliday, wa kwanza kuchaguliwa kwenye drafti ya 2022 (pale timu zinapogawana vijana wapya), aliletwa na miaka 20 akapiga .189, dogo alikuwa anaonekana kabisa anaogopa, mwaka huu atakuwa mtu mwingine. Kwa hiyo upande wa kupiga dawa ni muda. Upande wa kurusha muda hausaidii, ndo unazidi kuharibu, viwiko vinakatika. Kyle Bradish na Tyler Wells wote walifanyiwa upasuaji wa kiwiko Juni mwaka jana, tusiwahesabu mapema. Grayson Rodriguez alimaliza msimu akiwa majeruhi.

Burnes kachukua miaka 6 milioni 210 kwa Arizona, kwao kabisa anakoishi na familia, huwezi kumlaumu mtu kwa kwenda nyumbani. Nachouliza ni kwamba umeondokewa na namba moja, umefanya nini? Mike Elias, bosi wetu wa usajili, kamleta pitcha Charlie Morton, miaka 41, mwaka mmoja milioni 15. Morton kazaliwa Novemba 1983, na Orioles walichukua ubingwa wa mwisho Oktoba 1983. Yani huyu mzee ubingwa wetu wa mwisho ulimkuta tumboni. Afu kamleta pitcha mwingine, Tomoyuki Sugano kutoka Japani, miaka 35, milioni 13, mwaka mmoja pia. Sugano simdharau, kule Yomiuri Giants alikuwa mfalme, na mwaka jana tu kachukua tena MVP (mchezaji bora) wa ligi yao, ila harushi kwa kasi kubwa, anategemea kulenga, na wapigaji wa huku ukikosea sentimita mbili wanakuaibisha. Ukijumlisha na Zach Eflin na Dean Kremer unapata watu wa nafasi ya tatu na ya nne watupu. Wazuri, wa kuaminika, lakini hakuna hata mmoja ambaye ningebadilisha zamu kwa ajili yake.

Na wakati huo Yankees wa New York wamempoteza mpigaji wao Soto, badala ya kulia wakaenda kumpa pitcha Max Fried milioni 218. Boston wamemchukua pitcha Crochet kwa kutoa vijana wao. Wote hao tuko nao kundi moja! Sisi vijana tunao wengi mpaka wengine hawana pa kucheza, Coby Mayo hana nafasi, Heston Kjerstad anapokezana, na bado Elias anawakumbatia kama mayai. Julai mwaka jana alikubali kutoa Norby na Stowers kwa pitcha Trevor Rogers wa Miami, Rogers akaanza mechi 4 akachapwa mpaka akarudishwa Norfolk, timu yetu ya ligi ya wadogo. Nadhani pale ndo akaingiwa uoga. Kila siku anatajwa pitcha Dylan Cease wa San Diego, kila siku kimya.

Pesa wala sio kisingizio. Rubenstein kainunua timu mwaka jana kwa dola bilioni 1.725, na enzi za wenye timu wa zamani tulishazoea kuambiwa hakuna hela, sasa hela ipo na bado tunasajili kwa mwaka mmoja mmoja kama mtu anayepanga chumba.

Kitu pekee kinachonipa raha kweli ni kurudi kwa Félix Bautista, pitcha wetu wa kumalizia mechi. Hakurusha hata mpira mmoja 2024 kwa sababu ya kiwiko, tukabaki na mmaliziaji Kimbrel ambaye mpaka Septemba wakamuachia aende. Ukishakuwa na lile Jilima (ndo wanavyomuita, Mlima) linamalizia iningi ya tisa, mechi za 3-2 zinageuka kuwa zetu.

Kwa hiyo jibu langu mkuu: tutashinda mechi 85 mpaka 88, tutapigania nafasi ya wild card (ya kuingia mtoano bila kuongoza kundi) mpaka wiki ya mwisho, tukiingia tutatolewa mapema tena, isipokuwa Cease au mtu wa aina yake aje kabla ya Julai kwisha. Nikikosea kwa juu mje mnicheke, nitafurahi.

Tunaanza Machi 27, Toronto, yani Santander anatusubiri mlangoni. Mi siku hiyo naingia usiku, mchana nipo nyumbani, karibu tuangalie. Ukija na jezi yake ugali utakula nje barazani.