Nimefanywa bibi wa paka

BARUA ZA BARAZANI
Anayejibu: Bi Mkunga

Bi Mkunga, assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa watu wazima, nakaa Fuoni. Mwanangu wa kiume ameoa, huu mwaka wa nne, anaishi na mkewe kwenye fleti upande wa Mbweni. Mtoto bado. Wana paka jike, jina lake Asali. Nikenda kuwatembelea, mkazamwana wangu humnyanyua yule paka akaniwekea pajani: "Msalimie bibi yako, Asali, mpe mkono." Na mwanangu, mwanamme mwenye ndevu zake, huitwa baba na anaitika. Paka ana kitanda, ana gauni la Idi, anakunywa maziwa kwenye kisahani cha kaure nilichowapa mimi siku ya harusi. Juzi wamemfanyia sherehe ya kuzaliwa kwa keki ya chokoleti na mshumaa, picha wakazituma kwenye grupu la familia. Dada zangu wananicheka mpaka leo. Jirani ananambia nywele za paka humwingia mwanamke zikaziba kizazi, na ndiyo sababu hawapati mtoto. Nimeazimia siku wakiwa kazini nende nikamchukue, nikamwache soko la samaki Malindi. Atashiba huko. Nifanye?
Bibi wa Paka, Fuoni

Wa alaykumu ssalaam, Bibi wa Paka. Usifanye.

Nianze na jirani yako, maana maneno yake ndiyo yenye sumu. Nywele za paka haziingii kwenye kizazi. Hakuna njia ya kupita. Unywele ukimezwa na chakula unakwenda tumboni na unatoka kwa njia ya haja, ukivutwa puani utakupiga chafya, na mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua kwa sababu ya paka. Basi. Nimezalisha wanawake waliolala na paka mguuni tangu wari, na nimewauguza waliokosa mtoto na hawajapata kumshika paka maishani mwao.

Lipo jambo moja la kweli ambalo watu wamelisikia nusu wakalikuza. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazma. Paka anayekula panya au nyama mbichi anaweza kukipata, na kwa wiki moja mbili hivi akakitoa kwenye kinyesi chake. Kikimwingia mwanamke mjamzito ambaye hajawahi kukipata kabla, kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru macho au ubongo, au mimba ikaharibika. Kwa hiyo hatari ni ya mimba iliyokwishaingia, wala haizuii mimba kuingia. Na kinga yake ni nyepesi. Kinyesi kibichi hakiambukizi saa ileile, kinahitaji siku moja mpaka tano ndipo kiwe na madhara, kwa hiyo choo cha paka kikisafishwa kila siku hatari inapungua sana. Siku mkazamwana wako akipata ujauzito, kazi hiyo ni ya "baba Asali". Tena ajue kwamba kijidudu hichohicho kinapatikana kwenye mchicha usiooshwa vizuri na kwenye mishikaki iliyochomwa nje ikabaki nyekundu ndani. Mbona hakuna jirani anayekwambia ukawatupe wachoma mishikaki wa Forodhani?

Sasa Malindi. Paka aliyelelewa fletini ukimbwaga pale katikati ya mapaka ya bandarini, yenye masikio yaliyochanika kwa kupigana, hatakula hata kichwa cha kibua. Unajua wewe kama mimi hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vya ardhini. Na juu ya yote utakuwa umeingia nyumba ya mtu na mkewe hawapo, ukatoka na kitu chao. Hilo halitasahaulika hata ukipata wajukuu kumi.

Iko hadithi nyingine naipenda zaidi, na ajabu yake ni kwamba nayo ni ya ukweni. Kabsha binti Kaab alikuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada, sahaba wa Mtume. Siku moja alimtilia mkwewe maji ya udhu, paka akaja kunywa. Mzee hakumfukuza. Alikiinamisha chombo paka anywe vizuri, huku yule bibi akitazama. Akamuuliza, unastaajabu? Akamwambia kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kasema paka si najisi, ni katika wanaokuzungukeni majumbani. Mkwe, mkazamwana na paka, nyumba moja, na hakuna aliyeaibika.

Lakini sitaki udhani niko upande wa keki. Hao wanao wanampenda Asali, ila wanamlisha mapenzi yasiyomfaa. Chokoleti ni sumu kwa paka na kwa mbwa pia. Maziwa ya ng'ombe hawayawezi paka wengi wakishakua, yanawaharisha, na paka hasemi kama tumbo linamsokota. Kitunguu maji na thomu huharibu damu yake, kwa hiyo mchuzi wetu wa nazi haumfai hata ukiwa na changu mzima ndani. Panadol ndiyo kabisa: akipata homa, mtu akamhurumia kama mtoto akamvunjia nusu kidonge, amemuua. Paka ni mla nyama, si mla uji wala biskuti. Akikosa nyama na samaki, moyo wake huharibika na macho yakapofuka. Na hilo gauni la Idi! Jasho la paka hutoka kwenye nyayo tu, mwili wake hupoa kwa kujilamba, na sasa kavishwa kitambaa cha kumeremeta mwezi wa kaskazi. Mtoto angelia. Yeye anakaa kimya, watu wanasema kapendeza.

Kwa hiyo ukitaka kusema neno, sema hayo, kwa sababu utakuwa unamtetea Asali na si kumpiga vita. Waulize kama amechanjwa. Waulize kama amefungwa kizazi, maana paka jike tangu miezi minne mitano anaweza kushika mimba, na mimba yake ni miezi miwili na siku chache tu. Wasipoangalia, utakuwa bibi wa watano kwa mpigo, na sijui grupu la familia litasema nini.

Tuje kwenye barua yenyewe. Umemweleza paka kitanda, gauni, kisahani, keki na mshumaa. Kisha katikati umeweka maneno mawili: "Mtoto bado." Hayo ndiyo uliyokusudia kuniandikia, mengine yote ni ya kuyafunika. Naelewa. Lakini kama wewe umeyaweka maneno hayo mawili katikati ya barua, wao wanalala nayo na kuamka nayo. Kila Idi kuna shangazi anauliza, kila arusi kuna mtu anamtazama mkazamwana wako tumboni kabla ya kumtazama usoni. Wengine hununua kimya kwa kutotoka nyumbani. Hawa wamenunua kelele kidogo na keki.

Kitabibu, wawili wakikaa mwaka mmoja bila kinga na mimba isiingie, ndipo wanapopaswa kupimwa, na mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Nasema wapimwe, wawili. Katika karibu nusu ya watu wanaokosa mtoto, upande wa mwanamme nao unahusika, na kwetu hapa mwanamke huzungushwa kwa waganga miaka mitatu ndipo mume akubali kutoa kipimo cha dakika kumi. Huenda wameshakwenda. Huenda wanajua jibu na hawajawa na moyo wa kukwambia. Huenda pia wameamua kungoja, jambo ambalo kizazi chetu halikuwa likituingia akilini. Wewe huna haja ya kuuliza. Mwambie mwanao mara moja, mkiwa peke yenu, kwamba akiwa na la kukwambia utamsikiliza na halitoki mdomoni mwako. Kisha usilirudie.

Na kuhusu kuitwa bibi: zamani hapa Unguja watu walisadiki kuwa wako wazee wanaofuga chui, wanamlisha, wanamtuma, na hakuna aliyethubutu kuwacheka. Wewe umepewa paka wa kilo tatu. Mkazamwana anayekuwekea pajani kitu anachokipenda hakufanyii kebehi. Wangapi wananiandikia kwamba mke wa mtoto hata chai hawatilii? Mpokee. Ukichoka mteremshe. Ukenda mara nyingine chukua vibua viwili vya kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu, uvitoe miba, na kile kisahani cha kaure ukiombe urudi nacho. Hicho una haki nacho.

*

Shikamoo Bi Mkunga. Mimi kijana wa Wete, niko Paje, nalinda na kutunza bustani kwa bibi mmoja wa Kizungu. Anakwenda kwao miezi mitatu, ananiachia mbwa wake. Kaniandikia karatasi: kuku wa kuchemsha asubuhi na jioni, kumtembeza pwani, na kila magharibi nimshikie mbwa simu ya video amwone "mama". Wenzangu wananicheka. Babu ananambia sala yangu haiswihi. Niache kazi?
Mpemba wa Paje

Marahaba, mwanangu. Usiache kazi kwa sababu ya kicheko.

Kwa madhehebu yetu ya Shafi, wewe na mbwa mkigusana nyote wakavu hakuna najisi iliyohama. Shida ni unyevu, na zaidi mate yake. Alipolamba, osha mara saba, moja kwa udongo, na kwa ufukwe wa Paje mchanga uko mwingi, ila udongo safi uweke kabisa kwenye ndoo. Tenga nguo za kazi na nguo za sala. Ukitaka zaidi ya hapo, muulize sheikh wako, mimi ni mkunga.

Kuku wa kuchemsha mtoe mifupa yote, mfupa uliopikwa huvunjika kama sindano na kumchoma matumbo. Kabla bibi hajaondoka mwombe akuoneshe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwenu Pemba maradhi hayo yalitokomezwa kwa kuchanja mbwa, yakarudi 2016, na chanjo hiyohiyo ndiyo iliyoyaondoa tena 2018, kwa hiyo si karatasi ya urembo. Mbwa yeyote akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Simu ya video mwambie ihamie baada ya isha, magharibi ina wenyewe. Na mshahara wa miezi mitatu, pamoja na pesa za kuku, akuandikie kwenye karatasi ileile kabla hajapanda ndege.