Bluu Haina Ladha: Kwa Anayeanza Kazi ya Kaunta

Mara ya kwanza kuachiwa kaunta peke yangu ilikuwa siku ya harusi, katika hoteli moja hapa Kisumu, saa tisa alasiri, jua la kuchoma. Bwana harusi alitaka kokteli ya bluu, rangi ya ziwa. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ujuzi. Nikamimina blue curaçao, likeri ya bluu, yaani pombe yenye sukari na ladha, kwenye jagi la juisi ya pasheni, nikakoroga. Ikatoka kijani kizito, kijani cha gugumaji. Mzee mmoja wa meza ya mbele aliinua glasi, akaitazama, kisha akaniuliza taratibu, "Wuoda, mwanangu, hii umeichota ziwani kule Dunga?" Meza nzima ikavunjika mbavu.

Njano na bluu huzaa kijani. Hilo mtoto wa chekechea anajua. Nilichokuwa sijui ni kwamba bluu ile haina kazi nyingine ila kupendeza macho. Ni rangi ya chakula tu. Chupa ya bluu na ile isiyo na rangi zina ladha moja, ya maganda ya machungwa. Jina lenyewe ni la kisiwa cha Curaçao, huko Karibi. Wahispania walipeleka michungwa huko, ardhi kavu ikaikataa, matunda yakawa machungu yasiyolika. Ila maganda yake yakikaushwa yananukia ajabu, na hayo ndiyo yaliyoanzisha kinywaji.

Kwa hiyo ukipokea oda ya kitu cha rangi, anza na ladha. Rangi itafuata. Nguzo ni tatu: pombe kali, likeri ya machungwa ya kuleta utamu, na ndimu ya kuleta ukali. Kokteli ya Margarita kwa vipimo vya chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, IBA, ni mililita 50 za tequila, 20 za likeri na 15 za ndimu. Mimi huongeza ndimu kidogo wateja wangu wakitoka juani, lakini wewe anza na hivyo, na upime. Usimimine kwa jicho. Wenye jicho hilo wamekaa kaunta miaka, na bado hukosea.

Soma lebo ya likeri kabla ya kufungua chupa. Hapa ndipo wengi huumia. Cointreau, inayotengenezwa karibu na Angers, Ufaransa, ina asilimia 40 ya pombe, sawa na vodka nyingi. Grand Marnier nayo ni 40, ila ina konyaki, brandi ya zabibu, ndani, kwa hiyo ni nzito na ina rangi ya kahawia. Triple sec, likeri za machungwa zisizo na rangi, za bei nafuu zinaweza kushuka hadi asilimia 15, na aghalabu huwa na sukari ya kuzidi. Ukibadilisha chupa bila kugusa vipimo, mteja wa jana atakwambia leo umemletea sharubati. Ukiwa na ile nafuu, acha kabisa sirapu, ongeza ndimu. Na angalia stempu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, shingoni mwa chupa. Ikikutia shaka, programu ya simu ya Soma Label itakusomea.

Ndimu kamua siku hiyo hiyo. Ile ya jana kwenye friji imeshakufa.

Barafu ya Kisumu haikungoji. Vipande vidogo huyeyuka kabla hujamaliza kutikisa, kinywaji kikawa maji. Tumia vipande vikubwa, vijaze hadi juu, tikisa kwa nguvu sekunde kumi na mbili hivi mpaka sheka, kile chombo cha kutikisia, ikuume vidole kwa baridi, kisha mimina mara moja. Barafu nyingi huyeyuka polepole kuliko kidogo. Meneja akikwambia ubane barafu, mpe glasi mbili aonje mwenyewe.

Sasa ile ya tabaka, ambayo wageni wa Instagram huililia. Chenye sukari nyingi ni kizito, kinazama. Tanguliza sirapu nyekundu ya komamanga, halafu juisi ya machungwa polepole juu ya mgongo wa kijiko. Bluu usiimwage peke yake, maana nayo ina sukari, itatoboa juisi ishuke. Ichanganye kwanza na vodka ili iwe nyepesi, ndipo uilaze juu. Mkono ukitetemeka, mstari wa kijani utajitokeza katikati. Wacha ubaki, unapendeza.

Na bwana harusi wangu? Bluu yake ilihitaji kitu kisicho na rangi: vodka, blue curaçao, ndimu kidogo na soda ya Sprite. Tuliitengeneza upya, ikapita.

Utamu huficha nguvu, hilo liweke kichwani. Margarita moja yenye Cointreau ina mililita 70 za pombe kali, na anayeinywa anahisi juisi. Mteja aliyekuja na pikipiki mwambie mapema, kabla Alcoblow, kipima pombe cha polisi, haijamwambia. Kwa wasiokunywa, ipo sirapu ya bluu ya machungwa isiyo na kilevi. Weka chupa moja, kina mama wa chama huipenda sana.

Maganda ya kupambia yachune membamba, uiache ile nyama nyeupe kwani ni chungu. Machungwa yetu huiva yakiwa bado ya kijani kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuyageuza, na mgeni wa mbali atakuuliza mbona umemwekea chungwa bichi. Mnusishe ganda.